Gosset: Mpima kimea wa Dublin aliyeonyesha sampuli nne zinaweza kutosha

MFANYABIASHARA wa mahindi anapofika kwenye ghala lenye magunia 200 hafungui yote. Huchoma bambo kwenye magunia matatu au manne, akamimina punje kiganjani, akazitazama, akatafuna moja mbili kujua unyevu, kisha akataja bei. Bei hiyo ni ya magunia yote 200, ingawa yaliyoguswa ni manne tu. Kama bambo liliangukia magunia mabovu, mkulima ameumia. Kama liliangukia mazuri, mnunuzi ndiye atakayeumia atakapofika mjini.

Yachomwe magunia mangapi? Na kilichoonekana katika magunia hayo kiaminiwe kwa kiasi gani? Maswali hayo yalimshughulisha mtu mmoja kwa karibu miaka arobaini. Hakuwa profesa wala mtumishi wa serikali. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ireland, aliyeitwa William Sealy Gosset. Wasomi wa takwimu duniani kote wanamfahamu, ila wengi humtaja kwa jina la bandia alilotumia katika maandishi yake: Student, yaani Mwanafunzi.

Gosset alizaliwa Juni 13, 1876, mjini Canterbury, Uingereza. Baba yake alikuwa kanali katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na kijana alitarajia kufuata nyayo hizo, lakini macho yake hayakuwa mazuri. Akasoma Winchester, kisha Chuo cha New College, Oxford, ambako alichukua hisabati na kemia. Mwaka 1899, akiwa na umri wa miaka 23, aliajiriwa na Guinness.

Wakati huo kiwanda hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya bia duniani, na kilikuwa kimeanza kuajiri vijana wa sayansi kutoka Oxford na Cambridge. Haikuwa kwa ajili ya sifa. Mpika pombe wa kijijini akikosea pipa moja, hasara yake ni pipa moja. Kiwanda kinachonunua shayiri ya maelfu ya wakulima kikikosea kidogo tu katika kila pipa, hasara inakuwa kubwa mno. Shayiri nayo haifanani. Ya shamba hili si sawa na ya shamba la jirani, na ya mwaka wa mvua nyingi si sawa na ya mwaka wa ukame. Mafundi wa zamani walipima kwa jicho, kwa pua na kwa mkono. Wakuu wa kiwanda walitaka namba.

Tatizo la kwanza alilolikuta Gosset lilihusu kimea. Wanaotengeneza togwa au pombe ya ulezi wanakijua kimea: nafaka hulowekwa, ikachipua, kisha ikakaushwa na kusagwa. Cha Guinness kilikuwa cha shayiri, na maabara ilipima kiasi cha sukari kinachoweza kutolewa humo. Kiwango kilichotakiwa kilikuwa kama digrii 133 kwa kila pipa la kimea lenye ratili 168. Nusu digrii juu au chini iliweza kuvumilika. Ikizidi hapo bia inakuwa kali na kodi inapanda, kwa kuwa kodi ilikwenda na ukali. Ikipungua, mnywaji anaona tofauti na kuhama.

Sasa chukua kimea kile kile, kigawe mara mbili, pima. Majibu mawili hayatalingana. Pima mara ya tatu, jibu jingine. Lipi la kweli? Kila mtu maabara alijua kwamba wastani wa vipimo kadhaa ni bora kuliko kipimo kimoja, lakini hakuna aliyejua ni bora kwa kiasi gani. Kila kipimo kiligharimu muda na fedha.

Gosset alikusanya vipimo vilivyokwishafanywa, akavichambua, na Novemba 1904 akawapelekea wakuu wake ripoti ya ndani. Humo alionyesha kwamba ukichukua wastani wa vipimo viwili, nafasi ya kuwa ndani ya nusu digrii ya ukweli ni 4 dhidi ya 1. Yaani katika kila mara tano, utakuwa sawa mara nne. Vipimo vitatu, 7 dhidi ya 1. Vinne, 12 dhidi ya 1. Vitano, 19 dhidi ya 1. Ili shaka iishe kabisa kwa mambo ya kazi, vingehitajika 82.

Kiwanda kilikuwa tayari kuvumilia hatari ya 10 dhidi ya 1. Basi vipimo vinne vinatosha. Vitatu ni vichache mno, na 82 ni kutupa fedha.

Hapo ndipo kazi ya Gosset inapotofautiana na ya wasomi wengi wa wakati wake. Hakuuliza namba gani ni sahihi kabisa. Aliuliza kosa la ukubwa gani litatuumiza mfukoni, na ni sampuli ngapi zinazolizuia kosa hilo kwa bei tunayoweza kuimudu. Nusu digrii ile, pamoja na nafasi ya 12 dhidi ya 1, ndiyo inayoitwa leo kiwango cha makosa. Namba yoyote iliyotokana na sampuli lazima iambatane na vitu hivyo viwili: inaweza kupotoka kwa kiasi gani, na uhakika wa kutovuka kiasi hicho ni upi. Bila hivyo, ni bei iliyotajwa bila kusema ni kwa debe au kwa gunia.

Jambo jingine huwashangaza wengi. Kiwango cha makosa hakitegemei sana ukubwa wa ghala. Magunia manne yaliyochaguliwa vizuri kutoka magunia 200 yanaeleza karibu sawa na manne yaliyochaguliwa vizuri kutoka 2,000. Kinachohesabika ni idadi ya sampuli na jinsi mali yenyewe inavyotofautiana. Tena kosa halipungui haraka kadiri sampuli zinavyoongezeka. Ukitaka kulipunguza nusu, sampuli ziongezwe mara nne.

Hata hivyo, Gosset aliona kasoro katika hesabu zake. Kanuni alizotumia zilitungwa kwa sampuli za mamia na maelfu. Yeye alikuwa na vipimo vinne, pengine kumi. Unapokuwa na vichache hivyo, hujui vizuri hata kiasi ambacho mali yenyewe inatofautiana, kwa kuwa hicho nacho unakikadiria kutoka kwenye vipimo vile vile vichache. Unakisia juu ya kukisia. Mwenye sampuli chache akitumia kanuni ya sampuli nyingi, atajiamini kupita kiasi.

Julai 1905 alipanda baiskeli kwenda kumwona Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa Uingereza, aliyekuwa mapumzikoni kijijini. Mazungumzo yalimsaidia, na mwaka uliofuata Guinness walimpeleka London kusoma katika maabara ya Pearson, Chuo Kikuu cha University College. Mwaka huo huo wa 1906 alimwoa Marjory Phillpotts. Lakini kuhusu sampuli ndogo, Pearson hakuona tatizo. Yeye alifanya kazi na maelfu ya vipimo, na aliliona jambo hilo kuwa shughuli ya watengeneza bia. Gosset akalifanya mwenyewe.

Alichukua vipimo vya wafungwa 3,000 vilivyokwishachapishwa, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Kila kimoja kikaandikwa kwenye kadi. Kadi zikachanganywa vizuri, kama karata, zikatolewa moja moja na kupangwa nne nne mpaka yakapatikana makundi 750. Kwa kila kundi alitafuta wastani. Kwa kuwa aliujua wastani wa kweli wa wafungwa wote 3,000, aliweza kuona kwa macho sampuli ya wanne inavyopotoka: mara nyingi kidogo, mara chache sana. Kompyuta hazikuwapo. Kazi yote ilifanywa kwa mkono, na matokeo yakakubaliana na kanuni aliyokuwa ameitafuta kwa hisabati.

Makala yake ilitoka mwaka 1908 katika jarida la Biometrika. Jina lake halikuwamo. Guinness waliogopa siri za biashara zisivuje, wakaruhusu wafanyakazi wao kuandika kwa sharti la kuficha jina na habari za kiwanda. Ndipo Gosset akawa Student. Mwishoni aliweka jedwali kwa ajili ya sampuli zisizozidi kumi, ambalo mtu wa kawaida angeweza kulitumia bila kuijua hisabati iliyo nyuma yake.

Mfano mmoja katika makala hiyo ni wa shamba. Watu walitaka kujua kama kuna faida kuikausha mbegu ya shayiri kwa joto la tanuri kabla ya kuipanda. Mwaka 1899 aina saba za shayiri zilipandwa, kila moja kwa mbegu iliyokaushwa na isiyokaushwa. Mwaka 1900 zikapandwa nne. Jumla, jozi 11. Mbegu iliyokaushwa ilitoa wastani wa ratili 1,875 kwa ekari, isiyokaushwa 1,841. Tofauti ni ratili 34, karibu kilo 15.

Muuza tanuri angetangaza namba hiyo na kuishia hapo. Tazama jozi zenyewe. Katika jozi saba mbegu iliyokaushwa ilishinda, katika nne ikashindwa. Ushindi mkubwa kabisa ulikuwa ratili 127. Kushindwa kukubwa kabisa, ratili 70. Kwa njia aliyoianzisha Gosset, jinsi inavyotumika leo kwa uhakika wa mara 19 katika 20, faida ya kweli ya kukausha inaweza kuwa popote kati ya hasara ya ratili 11 na faida ya ratili 78 kwa ekari. Hapo mkulima ana habari kamili. Kama kukausha hakumgharimu chochote, anaweza kujaribu. Kama lazima akope ili anunue tanuri, ajue kwamba jozi 11 hazijamhakikishia hata kwamba faida ipo.

Miaka michache baadaye ulikuja ushahidi mwingine kuhusu mashamba. Watafiti wawili wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, W. B. Mercer na A. D. Hall, walichukua ekari moja ya ngano iliyolimwa na kutunzwa sawasawa kote, wakaivuna kwa vipande 500 na kupima kila kipande peke yake. Mbegu ile ile, mbolea ile ile, mvua ile ile. Kipande kilichotoa kidogo kabisa kilikuwa na ratili 2.73 za ngano; kilichotoa nyingi kabisa, ratili 5.16. Karibu mara mbili. Ripoti yao ilitoka mwaka 1911, na Gosset aliandika sehemu ya nyongeza kuhusu namna ya kupanga majaribio ili tofauti hiyo ya udongo isidanganye.

Anayeonyeshwa kipande kimoja cha mbegu mpya kando ya barabara, chenye masuke manono, afikirie ekari hiyo ya Rothamsted. Kipande kizuri kingepatikana humo bila mbegu kubadilishwa.

Gosset alipendelea dawa rahisi. Alishirikiana kwa miaka mingi na E. S. Beaven, mfanyabiashara wa kimea wa Warminster aliyekuwa pia mtafiti wa mbegu za shayiri. Beaven alikuwa na njia ya kuigawa mashine ya kupandia katikati, aina moja ya mbegu upande huu, nyingine upande ule. Ikipita shambani, aina mbili zinaota bega kwa bega kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, mara nyingi. Udongo ukiwa mbaya mahali fulani, ni mbaya kwa zote mbili. Zinazolinganishwa ni jirani na jirani, si shamba la bondeni na shamba la mlimani.

Lakini kuna kosa ambalo jedwali la Student haliwezi kulionyesha, na Gosset mwenyewe aliisimulia habari yake katika maandishi yake. Idara ya Kilimo ya Ireland, ikishirikiana na Guinness, ilikuwa imepata aina bora ya shayiri, Spratt-Archer, iliyotokana na kazi ya mzalishaji mbegu Herbert Hunter. Majaribio yalikuwa mengi na namba zilikuwa nzuri, na mbegu hiyo ilienea katika sehemu kubwa ya Ireland na kuvuka hadi Uingereza. Wilaya moja tu ilikataa. Wakulima wake walisema shayiri yao ya kienyeji ni bora. Maofisa waliona huo ni ukaidi wa watu wasiopenda mabadiliko.

Ili kuwathibitishia wakulima hao kwamba wamekosea, idara ilisafisha mbegu ya kienyeji ikapata aina moja halisi, ikaipanda pamoja na Spratt-Archer katika wilaya ile ile. Mbegu ya kienyeji ikashinda.

Sababu ilipotafutwa ilikuwa magugu. Mashamba ya wilaya hiyo yalikuwa na magugu mengi. Shayiri ya kienyeji iliota haraka na kuyafunika magugu. Spratt-Archer, iliyoanza polepole, ilifunikwa nayo. Majaribio ya mwanzo yalikuwa yamefanywa kwenye mashamba yaliyotunzwa vizuri, ambako magugu hayakupewa nafasi. Hakuna hesabu iliyokosewa. Kiwango cha makosa kilikuwa kidogo kama kilivyoandikwa. Ila sampuli ilitoka kwenye mashamba ambayo si ya watu waliotakiwa kuinunua mbegu. Kurudia majaribio yale mara mia kwenye mashamba yale yale kungeongeza tu uhakika wa jibu lisilowahusu wakulima hao.

Ndivyo ilivyo pia kwa bambo linalochomwa kwenye magunia ya mlangoni tu, kwa sababu mwenye ghala ndiyo aliyoyapanga mbele.

Ronald Fisher, mwanahisabati mdogo kwake kwa miaka 14, ndiye aliyetoa uthibitisho kamili wa kanuni ya Student, na kitabu chake cha mwaka 1925 kiliisambaza duniani. Gosset na Fisher waliandikiana barua kwa miaka mingi na kuheshimiana, lakini hawakukubaliana kuhusu namna ya kugawa vipande vya majaribio. Fisher alishikilia kwamba vipande vigawanywe kwa bahati nasibu, ili upendeleo wa mtafiti usiingie. Gosset aliona kwamba mkulima anayejua udongo wake unavyobadilika ni afadhali apange mbegu kwa zamu, zilingane katika kila aina ya udongo, kuliko kuiachia bahati ambayo pengine itaiweka mbegu moja yote penye rutuba. Dunia ya utafiti ilimfuata Fisher, na kwa sehemu kubwa ni haki, maana si kila mtafiti ni mwaminifu kama Gosset. Lakini hoja yake haikufa. Majaribio mengi ya leo hugawa kwanza shamba katika maeneo yenye udongo unaofanana, kisha bahati nasibu ikatumika ndani ya kila eneo.

Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mpole asiye na majivuno, aliyekuwa katikati ya Pearson na Fisher, watu wawili waliochukiana, bila kugombana na yeyote kati yao. Nyumbani alikuwa mtunza bustani hodari wa miti ya matunda, na alijitengenezea mashua kwa mikono yake. Takwimu hazikuwa kazi yake kamili. Sehemu kubwa ya siku zake ilikuwa ya kiwanda.

Mwaka 1935 Guinness walimhamishia London kushughulikia kiwanda kipya cha Park Royal. Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo Oktoba 16, 1937, akiwa na umri wa miaka 61. Makala yake ya mwisho, inayotetea upangaji wa vipande kwa zamu dhidi ya bahati nasibu, ilichapishwa mwaka 1938 katika jarida lile lile la Biometrika. Jina lililowekwa lilikuwa lile lile la miaka 30 iliyopita, Student.